Pale Mama Salma Alipoweka Maiki Chini

Rashidi na Happy, vijana wangu wa kazi, projekta mnayo, jenereta mnayo, na turubai nimesikia mmeshalishona upya. Kilichobaki kwangu ni maneno, nami si mtu wa maneno, mnalijua hilo. Miaka yote ya kazi hii nilikaa nyuma ya mwanga, na aliyesema mbele za watu alikuwa mke wangu, Mariamu, mama Salma. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na mwalimu wangu wa Kiswahili angeyaona maandishi haya angetikisa kichwa kabla hajachukua kalamu nyekundu.

Lakini mtaulizwa. Mtafunga turubai katika kijiji fulani na mtu atakuja kuwauliza, "Hivi ni kweli mke wa mzee wenu amekuwa mzuka kule kwenye mawe?" Nataka mjue la kujibu. Mke wangu hakuwa mzuka. Ilinibidi nilisimamie jambo hilo mbele za watu, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Nitaifikia. Nianze na kule nilikoanzia mimi.

Nilianza katika kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea filamu, cha Bwana Hemedi, nyuma ya soko, mjini Singida. Baba yangu alikuwa muuza vitambaa na alitaka nikae dukani kama kaka zangu, ila sikuwa na mkono wa kupima. Alisema leo nampunja mteja na kesho nampunja yeye, na kwamba mtu wa namna hiyo akafanye kazi gizani. Nikaenda gizani kweli. Siku yangu ya kwanza kwa Bwana Hemedi sikugusa kitu chochote chenye umeme. Alinipa kitambaa laini na kuniambia nifute.

"Nifute nini, bosi?"

"Kila kitu. Ukimaliza, anza tena. Singida hii adui wa picha ni vumbi. Polisi wanakuja mara moja moja, vumbi linakuja kila siku."

Baadaye alinifundisha mengine. Kwamba lenzi haifutwi kwa kanzu hata kama kanzu ni safi. Kwamba waya unaozungushwa kwenye kiwiko hukatika ndani na kukuaibisha ukumbi umejaa. Kwamba projekta haizimwi kama taa ya chumbani: unazima taa yake, unaacha feni izunguke mpaka ipoe, ndipo unachomoa. Watu wakishaona picha imekwisha huwa wanasimama na kukupita, mwingine anataka kukusaidia kuchomoa waya. Mkatazeni kwa adabu, lakini mkatazeni.

Bwana Hemedi alikuwa na sanduku la filamu za kale za kutisha, nyeusi na nyeupe, alilolinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga duka Dodoma. Vijana wa mjini hawakuzitaka. Walitaka ngumi. Mzee akiweka moja, ukumbi unacheka, na mzuka wa watu akitokea kwenye ngazi wanampigia mluzi.

Mariamu alikuwa anauza karanga mlangoni pale. Alikuwa ametoka upande wa Mungaa kuja kuishi na shangazi yake, na karanga zake alizikaanga na chumvi ya kutosha ili watu wanunue na maji. Siku moja yule kijana aliyekuwa akitafsiri filamu kwa maiki hakufika. Watu wakaanza kupiga benchi kwa miguu. Mariamu akaweka beseni lake chini, akaingia, akachukua maiki, akaanza kueleza. Ukumbi ukanyamaza. Filamu ilipokwisha Bwana Hemedi alimwita.

"Binti, Kiingereza umejifunzia wapi?"

"Sikijui, mzee."

"Sasa yule mama aliposema na kijana pale dirishani, ulijuaje anamwambia arudishe pete?"

"Sikujua. Lakini nilivyomwona sura, nikasema huyu ni mama mkwe, na anadai kitu."

Niseme ukweli kwa sababu baadhi ya watu wamemsifu isivyo. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha darasa la saba. Alisoma nyuso. Mahali ambapo hakuelewa, alitunga, na alichotunga mara nyingi kilikuwa kizuri kuliko kilichosemwa. Yule kijana hakupewa tena maiki. Mimi nikaanza kula karanga nyingi kuliko inavyofaa, na baada ya muda tukaoana.

Nyumba zilipojaa televisheni, kibanda kikafa. Bwana Hemedi aliturithisha projekta ya zamani na lile sanduku, akisema havina wa kuvipokea. Nilifikiri tuviuze. Mariamu akakataa.

"Idi, filamu za kutisha haziwezi kumtisha mtu aliyekaa karibu na muuza chipsi. Tuzipeleke mahali ambapo watu wanaogopa tayari."

Ndivyo kazi hii ilivyozaliwa. Kila kijiji cha mkoa wetu kina mahali pake: nyumba iliyohamwa, kisima kilichofunikwa, mawe yanayosemekana kuongea. Watu wanapaogopa, na mtu akipaogopa mahali anatamani sana kupaona akiwa na wenzake mia mbili. Tukawa tunafunga turubai palepale, tunawasha baada ya isha, na kijiji kizima kinakaa chini kikibanana. Filamu za kale zilifaa kuliko mpya. Hazina damu wala utupu, kwa hiyo bibi anakaa na wajukuu na hakuna anayeangalia chini kwa aibu. Watu wake wanaongea polepole, mfasiri anapata nafasi. Na rangi nyeusi na nyeupe inaonekana vizuri hata turubai likiwa limechoka.

Upepo wa kwetu mnaujua. Turubai la kwanza lilipaa kule Ulemo na kutua kwenye boma la ng'ombe wa mtu, mzuka akiwa bado anaonekana juu yake kwa muda. Tangu hapo nilitoboa matundu, nikaacha vipande vya kitambaa vining'inie kama kope, upepo upite bila kubeba. Chini ninafunga mifuko ya mchanga, si mawe, kwa sababu mawe hukata. Jenereta liwe upande upepo unakoelekea, nyuma ya kitu kikubwa. Na msionyeshe mwezi ukiwa mpevu kamili. Chagueni siku chache baadaye: picha inapata giza lake mwanzoni, kisha mwezi unachomoza na kuwapeleka watu nyumbani. Mama mwenye mtoto mgongoni akishajikwaa akitoka kwenu, hatakuja tena na atawaambia wengine.

Tena msifunge turubai karibu na njia panda. Sisi tulifanya hivyo. Malori yalikuwa yanakata kona na kumulika, picha inakufa, tena dereva mmoja alipiga honi mfuniko wa jeneza ulipokuwa unafunguka. Watu walikimbia na vigoda vyetu. Vingine havikurudi.

Ulemo nilijifunza jambo lililo kubwa kuliko upepo. Kulikuwa na jengo la mashine ya kusaga iliyosimama tangu mwenyewe alipofariki ndani yake, na watu walisema huiwasha usiku. Tuliomba kwa mwenyekiti, tukaruhusiwa. Sasa mnajua wafasiri wote wa filamu huwapa wahusika majina ya kwetu. Mzungu anaitwa Kitundu, mpishi wake anaitwa Mzee Njiku, na watu wanacheka. Mariamu alifanya hivyo vizuri kuliko wote. Mzuka alipotokea, mtu mmoja pale mbele akapiga kelele akimwita kwa jina la marehemu mwenye mashine. Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuliitikia jina lile kila mzuka alipopita.

Mwanamume mmoja akasimama katikati ya mwanga, kivuli chake kikaziba picha nzima.

"Mama," alisema, "huyo mnayemcheka ni kaka yangu. Amenilea."

Ningekuwa mimi ningezima. Mariamu alisema kwa maiki, taratibu, "Samahani sana, ndugu yangu. Huyu wa hapa kwenye turubai hana jina. Ni Mzungu tu, amekufa zamani, na kwao ni mbali. Kaka yako amepumzika. Karibu ukae hapa mbele kwetu." Yule mtu akaja akakaa kwenye kigoda cha Mariamu, na Mariamu akatafsiri akiwa amesimama mpaka mwisho.

Njiani tukirudi akaniambia, "Kuanzia leo tunawapa majina walio hai tu. Mzuka tusimpe. Mwenye jina ana ndugu." Na tukaongeza jambo jingine: tunakwenda mapema, mchana, si kwa mwenyekiti peke yake bali kwa jamaa wa marehemu anayetajwa mahali pale. Tunabeba sukari, tunakaa, tunaomba. Wakikataa, tunaondoka na sukari inabaki. Mnajua utaratibu huo. Sikujua utakuja kuniangukia mimi.

Mawe Pacha yako mwendo wa miguu kutoka Mungaa, karibu na kwao Mariamu. Ni mawe mawili makubwa kama nyumba, yameachana kidogo, na kati yake sauti hurudi. Tangu utoto wake waliambiwa kwamba jioni husikika watu wakitwanga pale. Tulionyesha hapo mara nyingi, kwa sababu turubai linakaa vizuri kati ya mawe na wakwe zangu walitupa chakula. Mara ya mwisho tulionyesha ile filamu ya mjane mwenye nyumba ya wageni. Mumewe amekufa, na kila jioni anarudi kufunga milango ya nyumba, mmoja mmoja, na wageni wanakimbia. Mariamu aliipenda. Alimpa yule mjane jina la Mama Tatu.

Filamu ilipokaribia mwisho, mjane ameshika taa anapanda ngazi, Mariamu akanyamaza. Kisha akasema kwa maiki, kwa sauti yake ya nyumbani, "Nimechoka. Idi, ngoja nipumzike kidogo." Akaweka maiki chini. Nilipomfikia, upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Shemeji yangu, kaka yake, alipata gari, tukampeleka hospitali. Hakuna aliyekumbuka kuzima. Nyinyi wawili ndio mliobaki na vyombo.

Alifariki siku ya pili, mchana, kitandani, nikiwa nimemshika mkono. Tukamzika mjini. Sina zaidi ya kuongeza hapo.

Sikutaka kazi tena. Nikawaachia nyinyi. Nilikaa nyumbani, nafuta vitu ambavyo havikuwa na vumbi. Jambo moja lilinisumbua na sikumwambia hata Salma, binti yetu: sikuwa na sauti ya Mariamu. Miaka yote niliyomsikiliza, sikuwahi kumrekodi. Alikuwa anasema moja kwa moja, na kesho anasema tena. Nani huyaweka akiba maji ya mvua wakati inanyesha kila siku? Picha zake ninazo, lakini picha hazisemi, na mimi nilimjua zaidi kwa masikio, gizani, macho yangu yakiwa kwenye lenzi.

Ndipo mlipokuja na sukari. Mnakumbuka. Rashidi aliweka mfuko mezani na nikajua kabla hamjafungua mdomo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sukari ya nini?"

Mkatazamana. Happy ndiye aliyesema. "Baba, tumekuja kuomba kama mlivyotufundisha. Watu wa Mawe Pacha wanataka tukaonyeshe. Wanasema... wanasema mahali pale sasa panaitwa kwa Mama Salma."

"Kwa nini?"

"Wanamsikia, baba. Jioni jioni. Anaongea katikati ya mawe, na saa nyingine anacheka. Watu hawapiti njia ile."

"Vijiji vinne vitakuja," akasema Rashidi. Kisha akaona uso wangu. "Samahani, baba."

Sikuwafukuza, ila sikuwakaribisha chai, na hilo nadhani mliliona. Kwa mara ya kwanza nilielewa alichokuwa nacho rohoni yule mtu wa Ulemo aliposimama mbele ya mwanga. Nilimpigia simu shemeji. Akanijibu kwamba ni kweli, na kwamba alinificha makusudi. Wanawe shuleni wanaitwa watoto wa mzuka. Binti yake mdogo amekataa kwenda.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Salma akasema, "Baba, utakwenda kufanya nini kwenye mawe?" Nikamwambia nakwenda kumsikiliza mama yako, kama yupo. Na kama hayupo, nakwenda kumsikiliza anayesema yupo.

Nilishuka Mungaa, nikachukua bodaboda. Kijana wa bodaboda alinishusha mbali na mawe na kusema mafuta yamekwisha, kisha akageuza na kuondoka kwa mafuta hayo hayo. Nikatembea. Jua lilikuwa bado halijatua, alasiri imekaribia kwisha. Nilipofika kwenye alizeti za mwisho kabla ya mawe, nikamsikia.

Alikuwa Mariamu. Sitasema lilikuwa jambo jingine. Mtu hawezi kuikosea sauti aliyoishi nayo. Alikuwa anasema, "Mama Tatu mwanangu, usifungue, usifungue, ala! Amefungua!" na watu wengi wakacheka nyuma yake. Nikashika shina la alizeti, ambalo si kitu cha kumshikilia mtu mzima. Lakini kile kicheko cha watu kilinisimamisha. Nikajiuliza, mzuka atakuja na watazamaji wake? Na nyuma ya kicheko, kwa mbali, nikasikia jenereta. Jenereta letu. Nalijua linavyokohoa.

Nikazunguka mawe. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi, na katikati ya mbuzi alikuwa amekaa mama wa makamo, kanga kichwani, na redio ndogo ya memori kadi kwenye mapaja. Aliponiona alipiga yowe mpaka mbuzi wakatawanyika.

"Toba! Wewe ni mtu au ni nani?"

"Ni mtu, mama. Naitwa Idi. Nilikuwa namuonyeshea Mama Salma picha."

Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye yule wa nyuma! Pole sana, baba. Pole na msiba. Mimi ni Mama Neema, nakaa kule bondeni." Akapunguza sauti ya redio, lakini hakuizima. "Usinicheke. Wanasema hapa siku hizi kuna mzuka. Mbuzi hawana majani kwingine, nitafanyaje? Basi nawasha hii, inipe moyo, nisisikie upweke."

"Umeipata wapi?"

"Mwanangu alirekodi kwa simu ile siku. Nikamwambia anitilie kwenye kadi. Mimi macho yangu hayaoni mbali, picha yenyewe huwa siioni vizuri. Nakuja kumsikiliza yeye."

"Mama Neema," nikamwambia, "huo mzuka wanaousema, umewahi kuusikia wewe?"

"Mimi? Hata. Nikiwa na redio hii hausogei."

Nilikaa chini katikati ya mbuzi. Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kilichotangulia. Nilipomweleza kwamba mzuka wao ni redio yake, alifunika mdomo kwa kanga. Kisha akaanza kulia naye, kwa kuwaza kwamba amemchafulia marehemu jina kwa kumpenda. Nikamwambia hapana. Nikamwomba airudishe mwanzo.

Tuliisikiliza mpaka pale. "Nimechoka. Idi, ngoja nipumzike kidogo." Maiki ikagonga chini. Halafu upepo, watu wakiulizana, na yule mjane wa filamu akiendelea kuongea Kiingereza bila wa kumsemea, mpaka simu ikaisha nguvu.

"Kila siku naishia hapo," alisema Mama Neema. "Kwani yule mama alimfanya nini mumewe?"

Ningeweza kurudi, kumwambia shemeji, na habari ingeenea yenyewe. Lakini mnajua habari zinavyoenea. Uongo unapanda bodaboda, ukweli unatembea. Watu wangesema mzee ametunga kwa sababu ni mke wake. Nikaamua wasikie wote pamoja, mahali pale pale, kwa spika kubwa. Kadi sikuichukua. Nilimwomba Mama Neema aje nayo siku ya maonyesho, na Rashidi akainakili.

Kisha Rashidi akaniletea wazo, na ninalitaja si kwa kumuumbua, bali kwa sababu wazo lile litawarudia nyinyi au watakaowafuata. "Baba, tufiche spika moja nyuma ya jiwe. Picha ikifika pabaya, sauti ya mama itoke kule. Watu watakimbia mpaka Singida mjini!" Happy alimkanyaga mguu nikaona. Lakini wazo lile ndiyo kazi yetu, na ningelisema mimi mwenyewe kama marehemu angekuwa mke wa mtu mwingine. Nikamwambia, "Spika zote mbele, Rashidi. Mama hajifichi." Akasema sawa baba, na akazipanga vizuri, karibu karibu, zikitazama watu.

Siku ilipofika walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona, wakakaa mbali na mawe, wametuachia uwanja mtupu kama wanaogopa kuambukizwa kitu. Shemeji alikaa mbele peke yake na wanawe. Nikasimama na maiki. Sikuwahi kuishika ila kwa kuifuta. Maiki ikapiga kelele, watu wa mbele wakainuka tayari kukimbia.

"Kaeni, ni mimi," nilisema. "Mimi ni Idi, mume wa Mama Salma. Mmezoea kuona kisogo changu. Mama Salma hakufia hapa. Alifia hospitali, mchana, nikiwa nimemshika mkono. Kaburi lake liko mjini na nalijua. Ana mume, ana mtoto, ana kaka, huyu hapa amekaa, na wana wa kaka yake, hawa. Sauti mnayoisikia jioni ni yake kweli. Inatoka kwenye redio ya Mama Neema, akichunga mbuzi."

Kisha Mama Neema akasimama huko nyuma na kuinyanyua redio juu. "Ni mimi! Mlikuwa mnanikimbia mimi!"

"Kumbe mzuka anafuga!" mtu akapayuka.

"Na mbuzi wake wamekula mahindi yangu!" akajibu mwingine. "Nilijua mzuka hawezi kula mahindi!"

Watu wakacheka, na wakicheka wakasogea. Hivyo ndivyo uwanja ulivyojaa, kwa kicheko, mstari baada ya mstari, mpaka miguu ya watoto ikagusa mifuko yangu ya mchanga.

Kuilinganisha sauti na picha si kazi ndogo. Nilitumia mlango: filamu inaanza kwa mlango kubamizwa, na kwenye rekodi mlango unasikika. Nikaisubiri sauti, nikaachia picha. Katikati ilipishana kidogo, nikasimamisha picha kwa pumzi moja na kuiachia tena. Na Mariamu akatafsiri. Watu walicheka pale walipocheka mara ya kwanza, juu ya vicheko vyao wenyewe vya zamani. Sikutazama turubai. Nilitazama lenzi, kama siku zote, na kumsikiliza.

Nilijua pale panakuja. Mjane akashika taa, akaanza ngazi. "Nimechoka. Idi, ngoja nipumzike kidogo." Rashidi akakata sauti, kama tulivyopatana. Nikachukua maiki.

"Sasa," nilisema, "Mama Tatu anapanda juu."

Sauti yangu ilikuwa mbaya. "Ongeza, mzee!" mtu akasema. Nikaongeza. Nikasema anaogopa, nikasema milango inafungwa, mmoja, na mwingine. Mwanamke mmoja akalalamika, "Mama Tatu mbona amekuwa na sauti ya dume?" na wengine wakamnyamazisha. Mjane akafika mlango wa mwisho. Mumewe akasimama pale, mweupe. Na mjane akaanza kumwambia maneno, mengi, polepole, machozi yakimtoka.

Sikuelewa hata moja. Mariamu angetunga. Nilifungua mdomo nitunge, na nikashindwa, kwa sababu yalikuwa maneno ya mjane kwa marehemu wake, na mimi sikutaka kumsingizia mtu katika jambo hilo.

"Hapa anaongea na mumewe," nilisema. "Sijui anamwambia nini. Mimi Kiingereza hicho sikijui."

Upepo ulikuwa unapita kwenye matundu ya turubai. Halafu Mama Neema, asiyeona mbali, aliyefikia pale kila siku na kuachwa hapo, akasema huko nyuma kwa sauti kubwa kama mtu anayejibu swali alilolifikiria sana:

"Anamwambia, nenda kapumzike baba. Milango nitafunga mwenyewe."

"Ndiyo," watu wakasema. "Ndivyo anavyosema. Ndiyo."

Nikayarudia kwa maiki, neno kwa neno, wasikie na waliokaa mbali.